AFYA YETU: KUTEMBEA KILA SIKU HAPA JANGWANI

Somo letu la leo ni la miguu.

Tulipoanza kutembea kila asubuhi kwa ajili ya afya, hapa Loiyangalani, watu walitucheka. Mzee mmoja alikuwa amekaa juu ya ekicholong, kile kigoda kidogo cha Waturkana. Akatuuliza, "Nyinyi, mbuzi wenu wamepotea?" Tukamwambia, hapana mzee, hatutafuti kitu. "Basi mnaenda wapi?" Tukamwambia tunaenda, halafu tunarudi. Mzee alicheka mpaka akafuta machozi kwa shuka. "Tangu lini mtu wa jangwani akafundishwa kutembea?"

Swali la mzee lilikuwa la haki. Tutalijibu katika somo hili, na mzee mwenyewe tutamkuta tena mbele.

Kwanza tuwaeleze mahali tulipo, maana wasomaji wengine hawajafika huku. Loiyangalani ni mji mdogo wa kaunti ya Marsabit, kaskazini mwa Kenya, upande wa mashariki wa Ziwa Turkana. Jina lenyewe ni la Kisamburu, maana yake ni mahali penye miti mingi. Miti hiyo ni mikoma, nayo imeota hapa kwa sababu ya chemchemi. Ukitoka kwenye mikoma tu, unaingia katika mawe meusi ya volkano, changarawe na miiba. Jua la mchana mara nyingi hupita digrii 35. Mvua ni haba sana, na miaka mingine haionekani kabisa. Tunaishi hapa Waturkana, Wasamburu, Warendille, El Molo na wengine, na Kiswahili ndicho kinachotuunganisha sokoni na darasani.

Sisi tunaoandika ni watu saba, wanawake wanne na wanaume watatu. Tulisoma pamoja masomo ya ngumbaru. Tulipomaliza tuliogopa kitu kimoja: kusahau. Mwalimu alikuwa ametuonya kwamba herufi usizozitumia hukimbia. Basi tukakubaliana tukutane mara moja kwa wiki, tusome chochote kilichopo. Siku moja tulisoma kijitabu cha afya kuhusu ugonjwa wa presha. Mama mmoja kati yetu, mwenye duka dogo la unga na sukari, alinyamaza kimya. Kesho yake alikwenda kupimwa. Akaambiwa presha yake ni 168 kwa 102. Kijitabu kilisema ikifika 140 kwa 90 au zaidi, na ikarudia hivyo, hiyo ni presha ya juu.

Aliandikiwa dawa. Tena akaambiwa apunguze chumvi, na atembee kila siku. Alikuja kwetu amekasirika. "Nitembee wapi mimi? Nimwachie nani duka?" Hapo ndipo tulipoanza, si kwa sababu ya ujuzi wowote, bali ili mwenzetu asitembee peke yake.

KWA NINI MTU WA JANGWANI ATEMBEE

Sasa turudi kwa swali la mzee. Baba zetu hawakuhitaji somo hili. Mtu alifuata ngamia na mbuzi tangu alfajiri hadi jioni, akahama na nyumba ikiwa juu ya mnyama. Kutembea kulikuwa ndiyo kazi, ndiyo chakula, ndiyo habari za dunia.

Lakini ukame umekuja mara nyingi, na wengi wetu tumepoteza mifugo. Mtu aliyepoteza mifugo husogea karibu na maji, shule na chakula cha msaada. Anajenga, anakaa. Anafungua kibanda cha duka, au anashona nyavu, au anangoja. Pikipiki imekuja, mtu anaipanda kwenda mahali ambapo zamani mama yake alikwenda na kurudi kabla ya chai. Chakula nacho kimebadilika. Zamani ilikuwa maziwa, damu na nyama. Leo ni ugali, mafuta ya kupikia na chai yenye sukari nyingi. Mwili ni ule ule uliozoea kwenda, lakini sasa umekalishwa chini.

Mwili uliokalishwa hulipiza. Presha hupanda, kisukari huingia, magoti hukakamaa. Moyo ni msuli kama msuli wa mguu. Usipoufanyisha kazi unalegea, na mishipa inayobeba damu inakuwa migumu. Ukitembea kwa haraka kidogo, moyo unasukuma damu kwa nguvu, mishipa inatanuka, na misuli ya miguu inachukua sukari iliyo katika damu na kuitumia kama kuni.

Tuseme ukweli hapa, kwa sababu akina mama walitubana. "Mimi nabeba maji kutwa, nakata kuni, nafuata mbuzi. Bado mnaniambia nitembee?" Hapana, mama. Hatusemi na wewe. Mtungi wa lita 20 una uzito wa kilo 20, na anayeubeba kila siku anahitaji msaidizi, hahitaji zoezi. Somo hili ni la wale wanaokaa: mwenye duka, mvuvi anayeshinda amekaa mashuani, karani, mzee wa chini ya mti, na mama ambaye watoto wake sasa ndio wanaochota maji.

KIASI GANI?

Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilitoa maelezo mapya. Lilisema mtu mzima afanye mazoezi ya kadiri kwa dakika 150 hadi 300 kwa wiki. Tulipigia hesabu ubaoni. Dakika 30 mara siku 5 ni dakika 150. Basi nusu saa kwa siku, siku tano, umefika. Na shirika hilo lilisema kwamba kidogo ni bora kuliko kutofanya kabisa. Maneno hayo yametusaidia sana siku za upepo.

Mazoezi ya kadiri ni nini? Jipime hivi: unapotembea uweze kuongea na mwenzako, lakini ukijaribu kuimba pumzi ikate. Ukiweza kuimba wimbo mzima wa ngamia, unatembea polepole mno. Ukishindwa hata kuongea, umezidisha.

Tukapiga hesabu nyingine. Mwendo huo ni karibu hatua 100 kwa dakika. Kwa dakika 30 ni hatua 3,000. Tulipima hatua zetu kwa kamba tukapata kiasi cha sentimita 70 kila moja. Hatua 3,000 mara sentimita 70 ni mita 2,100, yaani zaidi kidogo ya kilomita mbili. Kwa siku tano ni kilomita 10 na nusu. Kwa wiki 52 ni kilomita 546. Mama wa duka alishangaa. "Kumbe kwa mwaka nitakuwa nimetoka Mombasa nikapita Nairobi, na hapa sijaondoka!"

Huenda umesikia watu wa mjini wakisema ni lazima hatua 10,000 kwa siku. Namba hiyo ilienea kutoka Japani. Mwaka 1965 kampuni moja huko ilitoa kifaa cha kuhesabu hatua, ikakipa jina lenye maana ya hatua elfu kumi. Lilikuwa jina zuri la kuuzia. Usihangaike nalo.

SAA NDIYO MWALIMU

Sasa tunafika penyewe. Katika nchi ya baridi mtu anaweza kutembea akipata nafasi. Jangwani nafasi haichaguliwi na mtu, huchaguliwa na jua.

Hapa kwetu jua huchomoza karibu saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nyuma ya mlima Kulal. Mwanga huanza kuonekana dakika ishirini hivi kabla. Sisi hutoka mwanga unapotosha kuona mwiba chini, na tunataka tuwe tumerudi kabla ya saa moja na nusu. Baada ya hapo mawe meusi huanza kunywa joto, na yakishashiba yanakuchoma kutoka chini huku jua likikuchoma kutoka juu. Ardhi yenye jua huwa na joto kupita hewa, kwa hiyo usidanganywe na kivuli cha kofia.

Jioni nayo inafaa, jua likishainama. Lakini jioni ina wageni, mbuzi wanarudi, chakula kiko motoni. Tulijaribu jioni wiki tatu tukaona watu wanapungua, kutoka saba hadi watano, hadi wawili. Tukarudi asubuhi. Shida ya asubuhi ni moja: upepo.

Upepo wa Loiyangalani si hadithi. Unavuma kutoka kusini mashariki. Sababu yake ni kwamba kuna nyanda za juu za Kenya upande mmoja na za Ethiopia upande wa pili, na katikati pameachwa ujia. Hewa inabanwa pale kama maji katika mpira wa bustani, inatoka kwa kasi. Nguvu yake ni usiku na alfajiri; mchana hupungua. Ndiyo maana kusini yetu, huko Sarima, imejengwa minara 365 ya kuzalisha umeme kwa upepo. Ilianza kupeleka umeme katika gridi ya taifa mwaka 2018. Yote kwa pamoja inaweza kutoa megawati 310. Sasa fikiri upepo unaozungusha minara hiyo unavyofanya na leso ya mama.

Tulijifunza hivi: anza kwa kwenda kinyume cha upepo ukiwa na nguvu, rudi ukiwa umeupa mgongo. Ukifanya kinyume utachoka ukiwa mbali na nyumbani. Funga kitambaa puani na mdomoni, kwa sababu ya vumbi. Siku ambayo mchanga unaruka hata humwoni mwenzako, usiende mbali. Zungukeni tu kati ya nyumba na mikoma kwa dakika kumi, mwandike dakika kumi.

KOSA LETU

Yule mzee aliyetucheka alijiunga nasi mwezi wa nne. Hakusema sababu. Siku moja tulipita, akainuka, akachukua fimbo yake na kigoda chake, akatufuata nyuma kama mtu anayekwenda mahali pengine. Tukanyamaza. Kesho yake akatufuata tena. Siku ya tatu alikuwa mbele.

Mwezi wa Februari uliofuata kulikuwa na mkutano asubuhi, tukachelewa. Ulipokwisha ilikuwa saa tatu kasoro. Wengine walisema leo tuache. Wengine, na sisi tunaoandika tumo humo, tukasema hatujakosa hata siku moja mwezi huu, tusivunje. Tulijivunia ile safu ya siku katika daftari. Basi tukatoka. Maji tulikuwa na chupa moja ya nusu lita, kwa watu sita.

Tukiwa tunarudi, mzee alianza kubaki nyuma. Tukamngoja. Alipotufikia alituuliza ngamia wamepelekwa wapi. Tulidhani anatania, maana ni mtu wa utani. Akauliza tena, kwa hasira. Akamwita mmoja wetu kwa jina la ndugu yake aliyekufa. Mama wa duka akamshika mkono na kusema, "Huyu anawaka!" Ngozi yake ilikuwa ya moto. Hatua chache baadaye miguu ikamwishia, akaanguka.

Mmoja wetu alikimbilia chupa ili amtie maji kinywani. Mwenzake akamzuia mkono. Alikuwa amekumbuka ukurasa wa kijitabu: mtu asiyejifahamu usimnyweshe, maji yataingia mapafuni. Yale maji kidogo tukayamwaga kwenye shuka, tukamfunika kifua na shingo, na watu wawili wakampepea kwa leso. Wengine walimwinua hadi kwenye kivuli cha mkoma. Kijana akakimbia chemchemini na mtungi. Tulimlowesha, tukampepea, tukamlowesha tena, huku mwingine akienda kutafuta gari. Alipofika zahanati alikuwa ameanza kufumbua macho. Alilazwa siku mbili.

Mwanawe alikuja kwetu usiku ule. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Mzee wangu amevuka ukame wa miaka yote hiyo, karibu afe kwa mchezo wenu." Hatukuwa na jibu, na mpaka leo hatuna. Joto halikuwa kosa, joto lipo siku zote. Kosa lilikuwa letu, kwa kupenda daftari kuliko mtu.

Kwa hiyo tulipitisha sheria: saa ikipita, safari imekufa. Hatulipi deni la asubuhi mchana. Watafiti wa London waliwafuata watu 96 waliokuwa wanajaribu kujenga zoea jipya, na matokeo yao yakachapishwa mwaka 2010. Waliona kwamba zoea lilichukua kwa wastani siku 66 kukaa, kwa wengine siku 18, kwa wengine lingehitaji hata 254. Waliona pia kwamba kukosa siku moja hakuharibu kitu. Laiti tungelijua hilo mapema.

DALILI, NA MAJI

Zishike dalili hizi za mtu anayezidiwa na joto. Mwanzo huumwa kichwa, husikia kizunguzungu, hubanwa na misuli ya miguu, na pengine hutapika. Hapo bado kuna nafasi: apumzike kivulini, alegeze nguo, anywe maji kidogo kidogo. Lakini akianza kusema maneno yasiyoeleweka, au akipepesuka kama mlevi, au akizimia, huo ni ugonjwa wa kuua. Apozwe mwili pale pale kwa maji na upepo, na apelekwe kwa daktari bila kungoja jioni.

Jangwa lina hila moja. Jasho hukauka upesi sana hata mtu anafikiri hatoki jasho, kumbe anapoteza maji mengi. Usingoje kiu. Sisi sasa hunywa vikombe viwili kabla ya kutoka, na kila mtu anabeba chupa yake mwenyewe. Tazama mkojo wako. Ukiwa mweupe-mweupe kama majani makavu, maji yanatosha. Ukiwa kama chai ya strungi, mwili unalia.

Mtu aliyetoka jasho jingi, au anayeharisha, anaweza kutengenezewa kinywaji: lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote viwe vimesawazishwa, visiwe vya kilima. Usizidishe chumvi, ni hatari. Mwenye presha au kisukari hiki si kinywaji chake cha kila siku.

Na maji ya ziwa? Ni mengi, lakini ni ya magadi na yana madini ya floraidi kupita kiasi. Floraidi nyingi hutia meno rangi ya kahawia na hudhuru mifupa. Tunakunywa ya chemchemi. Wenzetu El Molo wanalijua jambo hili kwa uchungu zaidi. Miaka ya karibuni ziwa limepanda, likameza ufuo, na kijiji chao cha Komote kikazungukwa na maji kama kisiwa. Hata njia yetu ya kwanza iliyopita ufuoni tumeihamisha juu, na hatukaribii maji gizani. Mamba hawana habari ya mazoezi.

MIGUU YENYEWE

Vaa akala. Zile za tairi ni ngumu, lakini kamba ikilegea kisigino kinateleza juu ya mawe na kifundo kinageuka. Kaza kabla ya kutoka. Kila jioni geuza nyayo utazame kama kuna mwiba. Mwenye kisukari afanye hivyo bila kukosa, kwa sababu ugonjwa huo hutia ganzi miguuni. Mwiba unaingia, hasikii. Kidonda kinaoza, bado hasikii. Akiwa haoni vizuri, mjukuu amtazamie.

Kuna nyoka mdogo wa huku, rangi yake ya mchanga, hukaa chini ya mawe na hutembea zaidi usiku. Akiudhika hujikunja na kusugua magamba yake, unasikia mlio kama mafuta yanayokaanga. Ukisikia mlio huo, simama, rudi nyuma taratibu. Mkitoka kungali na kiza, wa mbele abebe tochi. Akimuuma mtu, msichanje, msinyonye, msifunge kamba ya kubana. Mguu utulie usitikisike, abebwe upesi hadi zahanati.

DAFTARI

Daftari ni letu sote, na kila siku anaandika mtu mwingine. Tunaandika tarehe, saa ya kutoka, saa ya kurudi, watu wangapi, na jambo moja tuliloliona. Ukurasa mmoja ni kama huu:

Jumatatu. Kutoka 12.15, kurudi 12.50. Upepo mkali. Watu 5. Ngamia wanne wapya kisimani, hatujui ni wa nani.

Jumanne. 12.20 hadi 12.50. Watu 7. Kulal haina wingu hata moja.

Jumatano. Hatukwenda. Msiba.

Alhamisi. 12.15 hadi 12.25 tu. Mchanga unaruka. Watu 3.

Unaona, siku ya msiba nayo imeandikwa. Hatuiachi tupu na hatuioneshi aibu. Mwezi wa Ramadhani wenzetu wanaofunga hutembea dakika kumi na tano kabla ya kufuturu, nao huandika yao. Yule aliyekuwa dhaifu zaidi wa kuandika darasani, aliyekuwa akichanganya r na l, siku hizi ndiye mwenye mwandiko mzuri kuliko wote. Wanaopita hutuuliza habari za ngamia wao kwa sababu wanajua zimo humo.

Kinachotutoa nyumbani si nguvu ya moyo, tusidanganyane. Kuna asubuhi ambazo hakuna anayetaka. Lakini mama wa duka anasimama mlangoni pa jirani na kupiga hodi, na jirani akishasimama inabidi waende kwa mwingine. Mtu anaona haya kulala wakati wenzake wamesimama nje na upepo unawapiga. Tukiulizwa siri, siri ni hodi.

Presha ya mama wa duka ilipimwa tena mwezi uliopita. Ilikuwa 142 kwa 90. Dawa bado anameza. Alitaka kuiacha, tukamkatalia, na mhudumu wa afya naye akamkatalia: kutembea husaidia dawa, hakuiondoi kazini mpaka daktari aseme. Chumvi amepunguza, ingawa sukari ya chai bado anatubishia.

Na mzee? Alikaa wiki tano bila kutoka. Mwanawe hakutaka kusikia. Halafu alfajiri moja tulimkuta amesimama njiani na fimbo, na mwanawe yuko pembeni yake, amebeba chupa mbili za maji. Mzee alisema atakwenda kwa sharti moja: yeye ndiye awe saa. Simu zetu hataki kuzisikia. Hutazama Kulal. Mbingu nyuma ya mlima ikianza kuwa nyekundu anasema, "Haya." Jua likipanda kiasi cha urefu wa fimbo yake juu ya mlima anasema, "Nyumbani," na hakuna anayebisha, hata kama tumebakiza hatua mia.

KAZI YA KIKUNDI

Someni somo hili kwa sauti, kila mtu sehemu moja. Kisha mjadili:

Katika kijiji chenu ni nani wanaokaa kutwa, na ni nani ambao tayari wamechoka kwa kutembea? Andikeni kazi zao, si majina yao.

Jua huchomoza saa ngapi kwenu? Ni saa ngapi ardhi inakuwa ya moto hata mtoto hawezi kusimama bila viatu?

Pimeni hatua ya kila mmoja kwa kamba. Chagueni njia ya dakika 15 kwenda na 15 kurudi, mhesabu hatua, mpate mita.

Ni mlango upi utakaopigwa hodi kwanza kesho asubuhi, na nani atakayeupiga?